Tuliandika Tukiwa Bado Tunapendana

Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wale wanaonuna ukiwaletea karatasi. Mtu akiniambia "tuandikiane", mimi nilisikia "sikuamini". Wala sikuwa peke yangu. Pita soko la Kadutu, hapa Bukavu, asubuhi, utamwona mama akimkabidhi mwenzake magunia ya maharage yenye thamani ya mamia ya dola, na kinachopita kati yao ni salamu na jina la Mungu tu. Likilemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, inaendeshwa hivyo. MUSO zetu, vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana, zina daftari, ni kweli, lakini daftari ni la hesabu. Kinachowashika watu ni aibu. Ukila pesa ya wenzako, hata kanisani utatafuta benchi la nyuma.

Sisemi kwamba njia hiyo ni mbaya, maana ndiyo iliyosomesha wanangu. Lakini leo najua kwa nini inafaulu: ni ya muda mfupi. Katika likilemba zamu inazunguka, kila mmoja anashika fungu lake, duru inakwisha, mnaanza upya au mnaachana kwa heri. Hakuna mali inayobaki katikati. Kampuni ni kinyume chake. Mali inabaki katikati, inaongezeka, na haina siku ya kugawanywa, huku wenye mali wanakufa, wanaoa, wanahama na kununiana. Hapo aibu peke yake haitoshi kushika mambo.

Nililiona hilo kwa macho yangu kwa mama mukubwa wangu, yaani dada mkubwa wa mama yangu. Alikuwa na depo ya chumvi, unga na samaki wakavu pamoja na rafiki yake wa tangu usichana. Hawakuwahi kuandika kitu. Mmoja alijua bei za Uvira, mwingine alijua wateja wa Bukavu, na faida waliigawa mezani, usiku, kwa taa. Rafiki yake akaugua, ugonjwa wa muda mfupi tu, akafariki. Hata kilio hakijaisha, kaka za marehemu walikuja na kufuli lao.

Watu wa mtaa waliwaita wezi. Mimi pia niliwaita hivyo, hadi nilipokuja kusomewa sheria. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Robo inayobaki inakwenda kwa mume au mke, kwa wazazi, na kwa ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo wale kaka walikuwa na kitu chao. Swali lilikuwa: kitu kutoka wapi? Hakuna aliyeweza kuonyesha mali ya marehemu iliishia gunia lipi na ya mama mukubwa ilianzia gunia lipi. Aliitwa shefu wa mtaa, akaitwa mchungaji, wakaitwa wazee wa pande zote mbili. Kila mmoja alitoa hukumu nzuri, na kila hukumu ilitofautiana na mwenzake. Unga na samaki havisubiri. Siku walipokubaliana kugawana, wadudu walikuwa wamekwisha kugawana wao.

Mama mukubwa hakufanya tena biashara na mtu, hata na mimi.

Basi miaka ilipopita, nikajikuta natafuta wenzangu wa kusaga unga wa masoso. Asiyeujua: ni mahindi, soya na mtama, vinasagwa pamoja, ndio uji wa watoto wetu huku Kivu. Nilikuwa nauuza kwa kopo nyumbani. Shemeji yangu alikuwa na mashine ya kusaga inayotumia mazuti, na kwa mji ambao umeme unakuja na kwenda, hiyo si mali ndogo. Dada mmoja wa Bagira, tuliyekuwa naye katika MUSO, alikuwa na akiba na nyumba ya familia karibu na soko. Na kulikuwa na kijana aliyemaliza kilimo kwenye chuo kikuu cha UEA, pale Panzi; hakuwa na senti moja, ila alijua kukausha soya isiwe na ukungu na kupima mchanganyiko ili gunia la leo lifanane na la jana.

Watu wanne, vitu vinne visivyolingana. Wenzangu walitaka tuanze Jumatatu. Mimi nikasema sianzi bila statuti, yaani katiba ya kampuni. Shemeji akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Shemeji, unatuona sisi bezi?"

Nikamjibu kwamba ningemwona mwizi nisingemwita.

Tulikwenda kwa wakili mmoja, mama ambaye tunasali naye. Kwetu wakili huitwa Metre, awe mwanamume au mwanamke. Metre alituanzia mbali kidogo. Alisema kwamba zamani kampuni hapa ziliongozwa na amri ya tarehe 27 Februari 1887, ya enzi za Mfalme Leopold, na kwamba neno SARL lilikuwa jina la kampuni kubwa za hisa ambazo hazikuweza kuzaliwa bila ruhusa ya Rais. Tarehe 12 Septemba 2012 Kongo ikaingia rasmi katika OHADA, umoja wa sheria za biashara wenye nchi 17 za Afrika, uliotokana na mkataba uliotiwa saini Port-Louis, Morisi, tarehe 17 Oktoba 1993. Tangu hapo SARL imekuwa kampuni ya watu wa kawaida. Hata mtu mmoja peke yake anaweza kuifungua, na deni la kampuni haliingii hadi kitandani kwake; anapoteza alichotia tu. Mtaji tunajipangia wenyewe, na statuti si lazima zipitie kwa notari. Karatasi iliyosainiwa na washirika inatosha, kwa mujibu wa maagizo ya serikali yetu ya mwisho wa mwaka 2014.

Halafu akasema jambo lililonibadilisha kuliko yote niliyosikia siku ile. Statuti zikinyamaza, sheria hainyamazi. Usipoandika meneja anakaa miaka mingapi, sheria inasema minne. Usipoandika mgeni anaingiaje, sheria inasema hisa haziuzwi kwa mtu wa nje bila ridhaa ya washirika wengine, na inataja hadi robo ngapi. Usipoandika lolote kuhusu kifo, warithi wanaingia. Kumbe kutoandika hakumaanishi kuachiana kwa upendo. Ni kukubali maneno ya watu waliokaa Ouagadougou mwezi Januari 2014 wakirekebisha sheria ya kampuni ya OHADA, watu wasiomjua shemeji wala mimi wala depo ya mama mukubwa.

Katika Bukavu kuna njia ya mkato, na ni lazima niitaje. Unakwenda kwenye sekretaria ya barabarani, pale wanapopiga chapa na fotokopi, unaomba "statuti za SARL", wanakupa za kampuni nyingine, wanabadilisha jina. Nimeona hati ya wauza mbao yenye kifungu cha kusafirisha abiria ziwani. Nimeona nyingine ambayo jina la kampuni ya zamani lilisahaulika kwenye ukurasa wa nne. Kwa daftari la biashara inapita. Kwa siku ya ugomvi haina kazi, kwa sababu waliosaini hawajui kilichomo.

Sisi tulibishana. Tulianza na mashine. Shemeji alisema ina thamani ya dola 4,000. Dada wa Bagira, ambaye ni mpole lakini si kwa mambo ya hesabu, alimuuliza alinunua lini na mara ngapi ameibadilisha mkanda. Metre akatueleza kwamba vitu vinavyoletwa badala ya pesa vikizidi faranga milioni 5 za CFA, ni lazima awepo mkadiriaji maalumu. Vyetu havikufika hapo, kwa hiyo tungeweza kukubaliana wenyewe, ila kwa sharti: sote tunajibu mbele ya wanaotudai, kwa miaka mitano, kama tumeipandisha thamani kwa uongo. Hapo hata shemeji mwenyewe alishusha sauti. Tukaita fundi, tukaandika 3,000.

Nyumba ya soko tuliiacha nje. Dada alitaka kuitia kama mtaji, lakini ilikuwa ya familia, na kaka zake wawili walikuwa na maneno juu yake. Tukaifanyia mkataba wa pango. Huo ndio uamuzi mdogo ninaousifu kuliko yote, kwa sababu ulituepusha kununua ugomvi wa watu wengine.

Kijana ndiye aliyetusumbua. Mtu asiyeleta pesa wala chombo apewe nini? Shemeji alisema mshahara unatosha. Mimi nilisema bila yeye tuna unga kama wa kila mtu. Kumbe sheria imelifikiria jambo hilo: mtu anaweza kuleta kazi na ujuzi wake, akapewa hisa, lakini hisa hizo hazihesabiwi katika mtaji, haziuzwi, hazirithiwi, zina muda, na zote pamoja hazizidi asilimia 25 ya kura wala ya faida. Tulimpa 15. Alifurahi, na mimi nikalala vizuri, kwa kuwa tuliandika pia kwamba akiacha kazi hisa hizo zinakufa, na analipwa faida yake ya mwaka huo tu.

Kisha mamlaka ya meneja, ambaye ni mimi. Nilitaka tuandike kwamba siwezi kununua kitu cha zaidi ya dola 500 bila wenzangu kukubali. Tukaandika. Lakini Metre alituonya kwamba mipaka hiyo ni ya ndani: nikivuka, muuzaji asiyejua atalindwa na sheria, kampuni italipa, kisha wenzangu watanidai mimi. Watu wengi hawalijui hilo, wanadhani karatasi inafunga mikono ya meneja mbele ya dunia nzima. Kwa hiyo tukaongeza saini mbili benki. Tukapunguza muda wangu kuwa miaka mitatu badala ya minne, na tukakumbushana kwamba washirika wenye zaidi ya nusu ya hisa wanaweza kunitoa. Hisa zenyewe tulizipanga ili asiwepo mwenye nusu peke yake.

Tulipofika kwenye kifo, chumba kilibadilika. Kwetu hupangi kifo cha mtu aliye hai mbele yake. Ni kama kumwita. Shemeji alisimama, akasema tukimaliza atarudi. Metre hakumzuia. Alimuuliza tu: kama mimi nikifa kesho, yuko tayari kukaa meza moja na mdogo wa marehemu mume wangu, agawane naye faida na funguo? Anamjua mtu huyo. Wote tunamjua. Shemeji alicheka, kisha akakaa.

"Andika tu, Metre. Batoto bangu nao, siku sitakuwako, batakula nini?"

Tuliandika kwamba mke au mume na watoto wanaingia moja kwa moja. Mrithi mwingine yeyote anapigiwa kura, na akikataliwa analipwa thamani ya fungu lake. Thamani inahesabiwa kwa vitabu vya mwaka uliofungwa, si kwa uvumi wa sokoni. Sikumwambia mtu, lakini kifungu kile nilikiandika nikimfikiria mama mukubwa.

Kuna jambo lilinigusa upande wa wanawake. Zamani, chini ya sheria ile ya 1987, mke wa mtu hakuweza kusaini hati kama hii bila ruhusa ya mumewe. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa hilo. Lakini sheria ikibadilika Kinshasa, mezani inachelewa kufika. Ofisi moja ilimwomba dada wa Bagira barua ya mume. Mumewe alikuja mwenyewe, akamwambia karani: "Niandike barua ya kuruhusu nini? Ile feza haiko yangu." Karani akapokea faili.

Yaliyobaki yalikuwa foleni na mihuri. Daftari la biashara, RCCM, liko kwa karani wa Mahakama ya Biashara, na namba za huku kwetu zina herufi BKV. Kampuni inakuwa mtu mbele ya sheria siku inapoandikwa humo, si siku mliyokula pamoja kusherehekea.

Mdogo wangu anayeishi Marekani ana kampuni ya malori na rafiki yake. Huko aina hiyo ya kampuni, LLC, ilianzia jimbo la Wyoming mwaka 1977. Aliniambia serikali ya jimbo inapokea hati fupi tu ya kuisajili, na makubaliano ya ndani washirika wanayaweka kabatini kwao. Majimbo mengi hata hayawalazimishi kuyaandika. Kwetu statuti ni hati ya wazi, mtu anaweza kwenda kuisoma kwa karani. Lakini tangu marekebisho ya 2014 nasi tunaruhusiwa kuwa na makubaliano ya pembeni, mradi yasipingane na sheria wala statuti. Yetu ni ukurasa mmoja. Yanasema mshahara wangu ni kiasi gani, na kwamba unga hautoki kwa mkopo kwa ndugu wa mshirika yeyote. Kifungu hicho cha pili kimetuletea maadui wengi katika familia kuliko vingine vyote. Hakijafutwa.

Karatasi yetu imejaribiwa. Kijana alipata kazi kwenye shirika moja na mshahara ambao sisi tusingeweza kuulipa. Alipoaga, alisema kwa upole kwamba angependa sehemu yake ya mashine ya pili, ile tuliyonunua kwa faida akiwa nasi. Lilikuwa ombi la haki kwa mtu aliyefanya kazi ile. Zamani hapo ndipo tungeita wazee. Safari hii nilitoa hati, tukasoma pamoja kifungu chenye saini yake, tukahesabu faida yake ya mwaka, akalipwa. Bado anakuja kusalimia, na akionja uji hakosi kutukosoa.

Halafu ikaja Februari 2025. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na siku chache baadaye mji nao. Mabenki yakafunga. Shemeji alikuwa amekwisha kuvusha familia yake kwenda Burundi. Sheria inatutaka tuweke kando sehemu moja ya kumi ya faida kila mwaka hadi akiba ifike sehemu moja ya tano ya mtaji, na sisi tulikuwa watiifu sana. Akiba yetu ilikuwa kamili, ndani ya benki iliyofungwa. Nasema hivi ili mtu asidhani nahubiri karatasi kama dawa ya kila kitu. Karatasi haikufungua benki. Haikurudisha magunia yaliyopotea njiani.

Lakini statuti zetu ziliruhusu maamuzi kwa maandishi bila kukutana, mbali na mkutano wa hesabu wa kila mwaka. Kwa ujumbe wa simu, nikiwa Kadutu na shemeji akiwa ng'ambo ya mpaka, tulipiga kura: tusimamishe mashine moja, tununue mahindi kidogo kidogo kwa pesa taslimu, tusikope. Dada wa Bagira alipinga lile la kusimamisha mashine, tukamshinda, akasaini. Katika wiki zile ambapo majirani wengi walikuwa wakiulizana nani achukue nini kabla ya kukimbia, sisi hatukuulizana. Tulijua. Mashine moja inasaga hadi leo.

Mama mukubwa alipata kuisoma hati yetu kabla macho yake hayajaanza kufifia. Alisoma Kifaransa polepole, kwa kidole, hadi kifungu cha kifo. Aliuliza nani alikiandika. Nilimwambia ni sisi. Akasema kina maneno mengi, lakini ni sawa.

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuanza kitu pamoja, duka la simu, boti, shamba la kahawa Kabare, kikundi kinachotaka kuwa kampuni: msiende kwenye fotokopi. Kaeni chini sasa, wakati bado mnacheka pamoja, muulizane kila mmoja ameleta nini kwa thamani gani, nani anasaini, nani anaingia mtu akifa, na mtu anatokaje akichoka. Mkishindwa kujibu swali moja kati ya hayo, msinunue mashine bado.

Na kwenu Mametre na manotari wa Bukavu, naomba jambo moja. Hati ni ya Kifaransa, lakini washirika walibishana kwa Kiswahili na kwa Mashi. Kabla ya saini, wasomeeni hati yao kwa lugha waliyobishania, kifungu kwa kifungu, hata kama itachukua siku nzima. Nasi wateja tukubali kuwalipa siku hiyo.